Mizani ya Ini

Waitaliano huliita ini fegato na Wafaransa huliita foie, na asiyejua asili ya maneno hayo hawezi kudhani kwamba yote mawili yametoka katika tunda la tini. Walakini ndivyo yalivyo, kwa maana Warumi wa kale, waliopenda mno maini ya bata bukini, walikuwa wakiwalisha ndege hao tini hata maini yao yakavimba na kujaa shahamu, wakayaita ficatum, yaani yaliyonona kwa tini, na jina la kitoweo likadumu mpaka likalifukuza jina la kiungo chenyewe. Kabla ya Warumi, mafundi wa Misri walikwisha kuchora katika kuta za makaburi ya Saqqara, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, watumishi waliomkamata ndege shingo na kumsukumia matonge kooni. Basi ujuzi ya kuwa chakula kitamu kikizidi hugeuka mafuta ndani ya ini alikuwa nao mpishi karne nyingi kabla ya tabibu. Ambacho mpishi hakukiweza, wala hakukihitaji, ni kujua kiasi cha shahamu hiyo ndege angali hai: yeye alichinja, akapasua, akalitia ini katika mizani, na hesabu yake ikaishia hapo.

Kwa muda mrefu tabibu naye hakumpita sana mchinjaji wa sokoni, ambaye kwa jicho na kidole tu hulijua ini jema, jekundu lililokoza, zito mkononi, lenye kingo kali, akalitenga na lile lililoingiwa na shahamu, ambalo rangi yake huwa manjano iliyopauka, kingo zake butu, likibonyezwa hubaki na alama ya kidole, na kipande chake kikitiwa majini huelea. Ishara za namna hiyo ndizo walizozitegemea waliopasua maiti katika hospitali za Ulaya, na mwaka 1836 Thomas Addison, tabibu wa Hospitali ya Guy mjini London, aliandika habari za ini lililoharibiwa na shahamu, maandishi yanayohesabiwa miongoni mwa ya mwanzo katika jambo hili. Baadaye hadubini ikaonyesha matone yenyewe, mviringo na meupe, yamejazana ndani ya chembe za ini kama maji ndani ya vibuyu. Lakini maiti ni shahidi aliyechelewa: hueleza kilichokuwapo siku ya mwisho, wala hawezi kusema kilianza lini, wala kama kiliwahi kupungua.

Uhusiano wa ini na kisukari ulidhihirika mjini Paris. Huko Claude Bernard alithibitisha mwaka 1848 kwamba ini hutoa sukari na kuitia katika damu hata mnyama asipolishwa sukari yoyote, na mwaka 1857 akafaulu kuitenga akiba inayotoa sukari hiyo, akaiita glikojeni. Na tangu hapo ini, lililodhaniwa kuwa kiwanda cha nyongo tu, likajulikana kuwa ni ghala ya mwili, lenye kupokea, kuweka na kutoa. Mwaka 1883 Paul Ehrlich wa Berlin, akitaka kujua hali ya ghala hiyo kwa wagonjwa wa kisukari, alipitisha sindano katika ngozi zao na kuvuta chembe chache za ini ili aitafute glikojeni ndani yake. Wanaoandika tarehe ya tiba huihesabu sindano hiyo kuwa ya kwanza ya namna yake, na ni jambo la kuangaliwa kwamba swali lililoifanya ipenye ini la mtu aliye hai lilikuwa ni swali la kisukari.

Kisha Toronto ikaleta insulini, mwaka 1921, na watu waliokuwa wakihesabiwa na wafu wakarudi kwao. Lakini mbwa wa maabara waliotolewa kongosho, na ambao insulini iliwaweka hai kwa miezi mingi, walianza kudhoofika kwa sababu isiyofahamika, na walipopasuliwa maini yao yalikutwa yamefurika shahamu. Wataalamu wakagundua kwamba mbwa hao wakipewa kongosho mbichi katika chakula hupona. Wakatafuta ni nini kilichomo katika kongosho hiyo, wakafika katika lesithini, na mwaka 1932 Charles Best, yule yule aliyekuwa mwanafunzi wakati insulini ilipopatikana, akaonyesha pamoja na wenzake kwamba dawa yenyewe ni kolini, kitu kipatikanacho hata katika kiini cha yai. Fundisho lilikuwa kubwa kuliko tiba: mbwa waliopona walithibitisha kwamba shahamu iliyoingia katika ini yaweza kutoka. Lakini ithibati hiyo ilipatikana kwa kuwapasua wengi, kila mmoja mara moja, na kulinganisha ini la huyu na ini la yule.

Afrika ya Mashariki nayo ina fungu lake katika habari hizi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell na J. N. P. Davies walichunguza kwa miaka mingi watoto wenye kwashiokoo, wenye nyuso zilizojaa maji na nywele zilizofifia, ambao, baada ya kuachishwa ziwa, walilishwa ndizi na mihogo pasipo nyama, maziwa wala kunde. Na waliokufa miongoni mwao walikutwa na maini yaliyojaa shahamu, pengine kuliko ya mlafi yeyote. Mwaka 1954 wawili hao pamoja na R. F. A. Dean walitoa kitabu juu ya maradhi hayo, na miaka ishirini na moja baadaye Trowell akashirikiana na Denis Burkitt, daktari mwingine aliyefanya kazi Uganda, katika kitabu kilichoshitaki vyakula vilivyokobolewa na kusafishwa kuwa ni chanzo cha maradhi ya mataifa tajiri, kisukari kikiwamo. Kwa hiyo Mulago ilikwisha kufahamu mapema jambo ambalo wengi bado huliona la ajabu, kwamba shahamu ya ini haifuati unene wa mtu: ini la mwenye njaa hujaa, na ini la aliyeshiba kupita kiasi hujaa, kila moja kwa njia yake.

Tukirudi katika sindano, iliendelea kuwa kitu cha kuogopwa mpaka mwaka 1958, Giorgio Menghini wa Italia alipoeleza sindano yake nyembamba iliyoingia katika ini na kutoka kwa muda wa sekunde moja. Ilikuwa ni rehema, na kwa sindano za aina hiyo Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliweza mwaka 1980 kuandika juu ya wagonjwa 20 ambao maini yao yalionekana chini ya hadubini kama maini ya walevi ilhali wenyewe hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowaandama. Hata hivyo sindano ina aibu zake. Huumiza, na mara chache humwaga damu. Kipande inachokitoa ni kama sehemu moja katika sehemu 50,000 za ini zima, na aliyeonja punje moja ya wali hawezi kuapa juu ya sufuria yote. Na juu ya hayo, ni nani atakayemwambia mgonjwa asiyesikia maumivu yoyote kwamba alichomwa mwezi uliopita, atachomwa mwezi huu, na mwezi ujao atachomwa tena? Sindano ilimtoa tabibu katika chumba cha maiti, lakini haikumtoa katika hesabu ya mara moja.

Njia ya kutokea ilikuwa imekwisha kufunguliwa na watu ambao hawakuwa wakifikiri habari za ini hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Edward Purcell na wenzake wawili walijaza chombo cha shaba parafini, nta ile ya mishumaa, chini kidogo ya lita moja, wakaiweka katikati ya sumaku na kuipelekea mawimbi ya redio, na viini vya haidrojeni vilivyomo ndani ya nta vikaitika. Majuma machache baadaye Felix Bloch na wenzake wa Stanford, upande wa pili wa Marekani, wakapata itiko lile lile kutoka katika maji. Wote wawili walitunzwa Nishani ya Nobel mwaka 1952. Mtu anayetazama nyuma hawezi kukosa kustaajabu: wa mashariki alichukua nta, ambayo ni ndugu wa mafuta, na wa magharibi alichukua maji, na vitu hivyo viwili, mafuta na maji, ndivyo vitakavyokuja kuhesabiwa kimoja dhidi ya kingine ndani ya ini la mgonjwa wa kisukari.

Ilibaki kujulikana kwamba sauti zao si moja. Wanafizikia walikuwa wakitazamia kwamba haidrojeni ikiwekwa katika sumaku ya nguvu ile ile itaitika kwa wimbi lile lile popote ilipo, na walipoona kwamba haifanyi hivyo baadhi yao walichukizwa, kwa maana vipimo vyao vilivyokusudiwa kuwa halisi vilivurugwa. Lakini mwaka 1951, huko Stanford, spiriti ya kawaida iliwekwa katika sumaku ikatoa vilele vitatu vilivyotengana, kimoja kwa kila namna ya ujirani ambamo haidrojeni yake inakaa. Kumbe kiini cha haidrojeni husema jina lake na jina la jirani yake. Haidrojeni iliyo ndani ya maji na haidrojeni iliyo ndani ya mafuta zimetofautiana kwa sehemu tatu na nusu hivi katika milioni, tofauti ndogo mno, lakini katika sumaku ya tesla 1.5, ambayo nguvu yake ni kama mara 30,000 ya ile ya dunia, tofauti hiyo hufika mizunguko 220 hivi kwa sekunde, na hiyo si siri tena kwa mwenye masikio ya kuisikia.

Mwaka 1973 Paul Lauterbur wa Marekani alionyesha jinsi ya kugeuza maitiko hayo kuwa picha, na Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akaitengeneza hisabati ya kuzipata picha hizo kwa haraka, wakashirikiana Nishani ya Nobel mwaka 2003. Na kutokana na kazi hiyo hospitali zikapata mashine iitwayo kwa herufi tatu tu, MRI. Picha zake za mwanzo zilionyesha umbo la ini vizuri, ila kiasi cha shahamu hazikukisema. Mwaka 1984 W. Thomas Dixon akachapisha makala mafupi yaliyobeba wazo jepesi hata likamstaajabisha msomaji kwamba halikuwahi kufikiriwa kabla, na wazo hilo lastahili kutazamwa kwa karibu.

Maji na mafuta huanza kuzunguka pamoja, lakini kwa kuwa mwendo wao si mmoja, hawakai pamoja. Ni kama wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja bila ya mapatano, ambao michi yao mara hushuka kwa pamoja, na mara wa huyu hupanda wakati wa yule unaposhuka. Katika sumaku ya tesla 1.5, baada ya sehemu 2.3 za elfu za sekunde, maji na mafuta huwa wamepingana, na baada ya sehemu 4.6 za elfu za sekunde hukutana tena. Dixon alisema: tupige picha mbili, moja wakati wanapokutana, nyingine wakati wanapopingana. Katika ya kwanza sauti zao hujumlishwa, na katika ya pili hutoana. Chukua pembe moja ndogo ya ini ambayo picha ya kwanza imeipa mng'ao wa 100 na picha ya pili imeipa 60: jumla ya mbili hizo ni 160, nusu yake ni 80, nayo ndiyo maji, tofauti yao ni 40, nusu yake ni 20, nayo ndiyo mafuta. Mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya hesabu hiyo, na jibu lake ni kwamba katika pembe ile mafuta ni asilimia 20.

Kwa mgonjwa mambo ni mepesi zaidi. Huvua saa, pete na mshipi wenye chuma, hulala chali, kitanda humwingiza katika tundu la sumaku, na mashine huanza kugonga kama fundi wa mabati aliyepewa kazi ya haraka. Sauti humwamuru kuvuta pumzi, kuitoa, kisha kuizuia, kwa sababu ini limening'inia chini ya kiwambo cha kifua na hupanda na kushuka kwa kila pumzi, na likitikisika picha huchafuka. Huzuia pumzi kwa muda wa sekunde 20 hivi. Hakuna kisu, hakuna sindano, hakuna mionzi iunguzayo. Naye huondoka kwa miguu yake, akaendelea na shughuli zake.

Si kwamba wazo la Dixon lilifika limekamilika. Picha mbili peke yake haziwezi kutenga ini lenye mafuta 60 na maji 40 na lile lenye maji 60 na mafuta 40, kwa kuwa tofauti yao ni moja. Sumaku yenyewe hailingani nguvu pande zote. Chuma kilichomo katika ini huzima sauti kabla ya wakati wake, kikamdanganya mtazamaji katika hesabu ya mafuta. Na mafuta yenyewe hayana sauti moja bali kama sita, moja kubwa na nyingine ndogo zinazoifuata. Kila aibu ilihitaji miaka. Gary Glover na Erika Schneider walieleza njia ya picha tatu mwaka 1991, na katika miaka ya 2000 Scott Reeder na wenzake walioijenga hisabati juu ya msingi huo walifika mahali pa kupiga picha sita katika pumzi moja, kuziondolea udanganyifu wa chuma, na kuzihesabia mafuta sauti zake zote, hata jibu likawa ni asilimia halisi: katika kila viini mia vya haidrojeni ambavyo mashine imevisikia katika maji na mafuta ya ini, ni vingapi vilivyo vya mafuta.

Mizani ikipatikana, swali la pili ni hili: kiasi gani ni kiasi? Jibu mashuhuri lilitoka Dallas, Texas, ambako watu wa mji, si wagonjwa waliochaguliwa hospitalini, waliingizwa katika sumaku na maini yao yakasikilizwa kwa njia iliyo dada wa picha, isiyochora umbo bali vilele vya sauti. Habari zilizochapishwa mwaka 2005 zilihusu watu 2,349. Miongoni mwao walitengwa 345 wasiokuwa na unene wala kisukari wala sababu nyingine ya kushukiwa, na ikaonekana kwamba 95 katika kila mia ya hao hawakupita asilimia 5.56 ya shahamu. Ndipo mpaka ukawekwa karibu na hapo. Na kwa mpaka huo, mtu mmoja katika kila watatu wa Dallas alikuwa ameuvuka. Wamarekani weusi walikuwa na shahamu hiyo kwa uchache kuliko weupe, na wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa wingi kuliko wote, ingawa hao na weusi walikaribiana katika unene. Na mwaka 2008 watafiti wa kundi lile lile wakaona kwamba sehemu ya tofauti hiyo imo katika jeni moja. Lile lililojulikana Mulago kwa kisu likajulikana tena kwa sumaku, kwamba mwenye kulipima ini kwa ukubwa wa mshipi wake amekosea.

Lakini tunda lililo tamu kuliko yote lilichumwa Newcastle, Uingereza. Roy Taylor alikuwa ameona kwamba wenye kisukari waliopasuliwa tumbo ili wapungue unene hupata sukari nzuri katika siku chache tu, kabla mwili haujapungua sana, akadhani kwamba sababu si kisu bali ni njaa iliyokifuata. Akawachukua watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili, akawapa chakula cha kalori 600 hivi kwa siku kwa majuma manane, na kuwaingiza katika sumaku mara kwa mara kwa njia ya Dixon. Katika juma la kwanza sukari yao ya asubuhi ilirudi katika kiwango cha watu wazima wa afya. Na shahamu ya maini yao, iliyoanza kwa wastani wa asilimia 12.8, ikafika mwisho wa majuma manane kwa asilimia 2.9. Habari hizo zilitoka mwaka 2011. Mwaka 2017, katika jaribio kubwa zaidi la watu 298 wa Scotland na kaskazini mwa Uingereza, 46 katika mia ya waliopunguzwa chakula kwa utaratibu walikuwa baada ya mwaka mmoja hawana tena kisukari pasipo dawa yoyote, dhidi ya 4 katika mia ya wale walioendelea na matibabu ya kawaida.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Mwaka 2023 wataalamu wa mataifa mengi walilibadili jina la maradhi haya ili kuondoa maneno ya pombe na unene yaliyowatia wagonjwa haya bila ya sababu. Na Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetirom, dawa ya kwanza ya ini lenye shahamu lililokwisha kuingiwa na uvimbe na kovu, ambayo katika majaribio yake ya awali ilihukumiwa kwa asilimia za sumaku. Sindano haikustaafu, kwa sababu uvimbe ndani ya chembe bado hauonekani sawasawa ila chini ya hadubini. Na kwetu pwani na bara, ambako mashine hiyo ni ghali, hudai chumba chake maalumu na umeme usiokatika, na hupatikana katika miji mikubwa tu, aghalabu mgonjwa wa kisukari hutazamwa kwa altrasaundi, ambayo huliona ini lililojaa kwa mng'ao wake, ila hupitwa na shahamu ndogo. Lakini hata tabibu asiyekuwa na sumaku sasa anamwambia mgonjwa neno ambalo baba zake katika utabibu hawakuwa na ruhusa ya kulisema, kwamba shahamu hii yaweza kuondoka, kwa sababu wako watu walioonekana ikiwaondoka.

Hilo halikuweza kujulikana kwa kipimo kimoja, hata kingekuwa sahihi namna gani. Ini lenye asilimia 12 leo halisemi kama linapanda au linashuka. Lazima liulizwe tena, na mtu hakubali kuulizwa tena kwa jambo linalomuumiza. Mpishi wa Rumi alipima kwa uangalifu, wala mizani yake haikusema uongo. Ila bata bukini wake hakuwa na siku ya pili, na kwa hiyo mpishi huyo, aliyejua vyema jinsi tini zinavyoingia katika ini, alikufa asijue kwamba zina njia ya kutokea.